Kabla Hujabadilisha Spika, Jua Unachonunua



Swali nililoulizwa zaidi miezi hii si la siasa wala la bei ya unga. Ni la spika. Vijana wetu walioko Doha, Jeddah na Muscat wakija likizo, au wakinitumia ujumbe wakiwa huko huko, huniuliza: "Ami, nina spika nzuri kiasi, lakini nataka kupanda ngazi. Nichukue zipi?" Wengine wametenga laki moja, wengine laki tatu. Kwa kijana aliyetoka jasho kwenye joto la Ghuba, laki tatu si mchezo. Ni vyumba viwili vya mawe, au karo ya mdogo wake, au mtaji wa duka.

Mimi nilisomea umeme na elektroniki kwa kiwango cha diploma, na kwa miaka mingi nimefungua na kufunga maboksi ya sauti ya jamaa na marafiki. Kwa hiyo leo nitaeleza kwa utaratibu namna spika inavyofanya kazi, namna ya kulinganisha mbili ukajua ipi bora, na pesa zako ziende wapi kwanza. Sitamwambia mtu anunue jina fulani. Nataka tu asinunue kwa macho.

Unasikiliza nini?

Anza hapo. Anayesikiliza muziki wa disko anatafuta mdundo utakaomtikisa kifua. Sisi wa pwani tuna mazoea mengine. Tunasikiliza kisomo, mawaidha, kaswida, mashairi na taarab. Ukiangalia vizuri, vyote hivyo ni maneno. Taarab ikipotea maneno imepotea yote, kwa sababu fumbo limo ndani ya neno. Mtu akisikia "pete" mahali palipoimbwa "kete", ameshatoka nje ya shairi na hajui.

Sasa, kinachotofautisha "pete" na "kete" si ile sauti nene ya mwimbaji. Ni konsonanti: p, t, k, s, sh. Hizo ni sauti fupi na nyepesi, na nguvu yake kubwa iko juu, kuanzia mitetemo kama 2,000 kwa sekunde kwenda mbele. Mtetemo mmoja kwa sekunde huitwa hezi. Sikio la binadamu nalo limeumbwa likawa kali zaidi kati ya hezi 2,000 na 5,000. Subhanallah, palepale penye konsonanti ndipo masikio yetu yalipo makini.

Besi iko chini kabisa. Uzi mnene wa gitaa la besi hutoa hezi 41 hivi. Besi ina utamu wake na siikatai, lakini haibebi maneno. Ndiyo maana unaweza kupita nje ya nyumba yenye sabufa kubwa, ukahisi ukuta unatetemeka, na usijue ni nani anayeimba wala anasema nini.

Ndani ya boksi mna nini

Spika ya nyumbani ya kawaida ina koni kubwa, wengi huiita wufa, inayotoa sauti za chini na za kati. Juu yake ina kidude kidogo kiitwacho twita, kinachotoa sauti za juu. Kati yao mna kigawanyaji, mafundi wetu hukiita krosova. Kazi yake ni kupeleka sauti nene kwenye koni kubwa na nyembamba kwenye twita.

Hapa pana siri ambayo muuzaji hatakwambia. Spika nyingi za koni mbili hugawanya sauti kati ya hezi 2,000 na 3,000. Yaani zamu ya wufa huisha na ya twita huanza palepale penye konsonanti zetu, na palepale sikio lilipo kali. Kigawanyaji kikiwa cha bei rahisi, maana yake kapasita moja iliyobandikwa kwenye twita na basi, makabidhiano huwa mabaya. Koni mbili hutoa sauti moja kwa wakati usiolingana, mahali pengine zinaongezana, pengine zinafutana. Matokeo ni "s" zinazokwaruza na maneno yaliyozama. Tofauti kubwa kati ya spika rahisi na spika ghali iliyotengenezwa kwa uaminifu iko hapo na kwenye ugumu wa boksi lenyewe. Gonga boksi kwa kifundo cha kidole. Likilia kama debe, litaimba pamoja na mwimbaji.

Mifano miwili

Nichukue spika mbili mashuhuri zilizo kinyume kabisa, ili tuone uchaguzi wenyewe ulivyo. Zote nimezisikia katika nyumba za watu wa hapa kwetu waliorudi nazo kutoka ng'ambo.

Ya kwanza ni KEF LS50 Meta ya Uingereza. KEF walitoa LS50 ya asili mwaka 2012 kuadhimisha miaka 50 ya kampuni yao, na hii Meta ikafuata mwaka 2020 kwa bei ya karibu pauni 1,000 kwa jozi. Ni ndogo, kimo chake ni sentimita 30 hivi. Ajabu yake ni kwamba twita imekaa katikati ya koni kubwa, kama kiini ndani ya ua. Kwa hivyo sauti zote hutoka mahali pamoja, na yale makabidhiano niliyoyataja hubaki sawa ukiwa umekaa, umesimama au umejiegemeza kwenye mto.

Ya pili ni Klipsch Heresy ya Marekani. Paul Klipsch aliitoa mara ya kwanza mwaka 1957, na toleo la nne linauzwa mpaka sasa. Hii ni kabati: kimo chake kinapita sentimita 60, ina koni ya inchi 12 chini, na sauti za kati na za juu hutoka kwenye pembe, yaani mdomo wa tarumbeta. Umbo la pembe husaidia kiwambo kidogo kusukuma hewa nyingi bila kutumia nguvu nyingi.

Sasa tazama namba zao. Watengenezaji wanasema KEF hutoa desibeli 85 ukiipa nguvu sawa na wati moja na kusimama mita moja mbele yake. Heresy IV wanasema hutoa 99. Tofauti ni desibeli 14. Kwa hesabu ya sauti, kila desibeli 3 ni kuzidisha nguvu mara mbili, na desibeli 10 ni kuzidisha mara kumi. Kwa hivyo desibeli 14 ni mara 25. Kazi ambayo Heresy inaifanya kwa wati 4, KEF itaidai wati 100. Hata ukipunguza kidogo kwa kuwa kila kiwanda kina namna yake ya kupima, pengo linabaki kubwa.

Kwa hivyo mwenye amplifaya ndogo ya wati 15 akinunua KEF atalalamika kwamba haina nguvu, na spika haina kosa. Mwenye sebule ya mita tatu akinunua Heresy atakaa karibu mno na pembe, na sauti itamjia usoni kabla haijachanganyika. Kwa kisomo na kwa sauti ya mtu mmoja, masikio yangu yanaipenda KEF: unamwona msomaji amekaa pale mbele yako. Kwa ngoma, zumari na harusi yenye watu, Heresy ina uhai ambao kiboksi kidogo hakiwezi. Ukiniuliza ipi bora, nitakuuliza kwanza chumba chako kina upana gani.

Namba za kwenye katoni

Nguvu ya wati ndiyo namba inayotumika sana kudanganyia watu. Utaona sabufa ya dukani imeandikwa wati 10,000 na herufi PMPO. Hiyo ni namba isiyo na kipimo cha kiwango kinachokubalika. Kila mtu huiandika apendavyo. Geuza kile chombo nyuma usome kibandiko cha umeme. Kama kimeandikwa kinatumia wati 60, basi hakiwezi kutoa elfu kumi. Mwenyezi Mungu hakuumba mashine inayotoa zaidi ya inachokula. Namba ya kuaminika ni ile inayosema wati ngapi kwa mfululizo, kwa omu ngapi, na kwa kiwango gani cha mchafuko wa sauti.

Pia kumbuka ile hesabu ya desibeli 3. Ukitoka amplifaya ya wati 50 kwenda ya wati 100, umeongeza desibeli 3 tu, kiasi ambacho mgeni wako huenda asikitambue. Ili sauti isikike kama imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji karibu desibeli 10, yaani wati mara kumi.

Namba ya pili ya kuangalia ni omu, kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme. Omu 8 ni rahisi kwa amplifaya nyingi. Omu 4 hudai umeme zaidi na hupasha amplifaya moto. Na ile namba moja ya kwenye karatasi ni ya wastani tu. KEF niliyoitaja huandikwa omu 8, lakini watengenezaji wenyewe wanasema mahali pengine hushuka mpaka 3.5. Kwenye joto letu la Machi, amplifaya dhaifu iliyofungiwa ndani ya kabati la televisheni itajuta.

Na waya? Hapa watu wanaliwa pesa zao. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, ule ule ambao fundi anautumia kwenye soketi za nyumba, una uzuizi wa karibu sehemu saba katika elfu za omu moja kwa mita. Ukitandaza mita tano kwenda na tano kurudi, jumla ni sehemu saba katika mia za omu moja. Mbele ya spika ya omu 8, hiyo haifiki hata asilimia moja. Chukua waya wa nyuzi nyingi wa unene huo, hakikisha ni shaba kweli na si alumini iliyopakwa rangi ya shaba, na ufunge kazi. Anayekuuzia waya wa elfu arubaini anakuuzia hadithi.

Nyumba zetu si za Marekani

Watu wengi husoma au hutazama wahakiki wa spika wa Marekani na kununua wanachosifu. Wasichokijua ni kwamba wale wanasikiliza katika nyumba nyingi za mbao na bodi za jasi. Besi ikigonga ukuta wa aina hiyo, ukuta hutikisika na sehemu ya besi hupenya ikatoka nje. Sisi kuta zetu ni za mawe. Mji wa Kale wa Mombasa na Lamu kuna kuta za matumbawe na chokaa ambazo unene wake ni dhiraa nzima. Besi ikigonga pale hairuhusiwi kupita, inarudi. Kwa hivyo spika ile ile iliyosikika nyembamba Chicago inaweza kusikika imejaa Kibokoni, na ile iliyosifiwa kwa besi itavuma kwako mpaka uumwe kichwa.

Kuna jambo jingine la nyumba za kale. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa sababu dari imekaa juu ya boriti za mikoko na boriti haina urefu wa kuvuka chumba kipana. Upana huwa chini ya mita tatu. Fanya hesabu: sauti katika hewa yetu yenye joto husafiri karibu mita 350 kwa sekunde. Chumba cha upana wa mita 2.8 kitavuma kwenye hezi 62 hivi, na noti yoyote ya besi inayoangukia hapo itasimama juu ya wenzake. Hakuna spika ya bei yoyote itakayoondoa jambo hilo, kwa kuwa ni chumba kinachoimba. Unaloweza ni kusogeza spika mbali na kona, kusogeza kiti kisigusane na ukuta wa nyuma, na kuchagua spika isiyoshuka sana chini. Ile KEF, kwa mujibu wa watengenezaji, huanza kupungua chini ya hezi 79. Kwenye karatasi ni upungufu. Kwenye chumba chembamba cha mawe ni rehema.

Wazee wetu, bila kukusudia spika, walituachia pia dawa. Zidaka za ukutani, zile za mapambo zilizopangwa safu kwa safu katika nyumba za Lamu, huvunja sauti ikatawanyika badala ya kurudi kama kofi. Rafu ya vitabu isiyopangwa sawasawa hufanya kazi hiyo hiyo. Nyumba zetu mpya ndizo zenye taabu: sakafu ya vigae, dari ya zege, madirisha makubwa ya vioo, na sofa moja katikati. Piga kofi moja sebuleni kwako usikilize. Ukisikia mlio unaotetemeka kama chuma, hapo ndipo maneno yanapopotea. Zulia nene kati yako na spika, mapazia mazito na mito ya kutosha vitakupa faida kubwa kuliko kubadilisha spika, na gharama yake ni ndogo. Mkeka pekee hautoshi, ni mwembamba mno.

Tena pima kimo cha masikio yako. Stendi nyingi zimetengenezwa kwa watu wanaokaa kwenye viti. Wewe uliyepanga majlisi ya magodoro chini, masikio yako yako chini zaidi ya yao. Kaa unavyokaa, mwambie mtoto apime kutoka sakafuni mpaka sikioni, na twita iwe kimo hicho. Halafu pembe tatu: umbali kati ya spika na spika ulingane kwa takriban na umbali wako kwa kila moja.

Namna ya kulinganisha kwa haki

Sasa umepata spika mbili na unataka kujua ipi bora. Kuna adui wawili: ukubwa wa sauti na macho.

Ukubwa wa sauti kwanza. Spika inayolia juu zaidi kwa desibeli moja tu huwa hutaisikia kama "kubwa". Utaisikia kama "nzuri", "safi", "ina uhai". Wauzaji wanalijua hilo. Ndiyo maana ile wanayotaka uichukue hulia juu kidogo. Kwa hivyo tafuta programu ya kupima desibeli kwenye simu, weka simu pale kichwa chako kinapokuwa, cheza ile kelele ya kupimia inayofanana na mvua kubwa juu ya mabati, na usawazishe spika zote mbili mpaka namba zilingane. Simu si chombo cha maabara, lakini kwa kulinganisha kitu na kitu inatosha.

Macho ni adui mkubwa zaidi. Floyd Toole, mtaalamu aliyeanza utafiti wake katika baraza la taifa la utafiti la Canada kisha akaendelea na kampuni ya Harman ya Marekani, alifanya jaribio na mwenzake Sean Olive ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 1994. Waliwapa wafanyakazi wa kampuni hiyo spika za kupima, mara moja wakiwa wanaziona na mara nyingine zikiwa nyuma ya pazia. Walipoziona, spika kubwa na nzuri za kampuni yao zilipanda alama na kile kiseti kidogo cha bei rahisi kikashuka. Pazia lilipofungwa, tofauti hizo zikapungua sana, na kile kidogo kikajitetea vizuri. Hawa si watu wa mtaani, ni watu wa kazi hiyo.

Somo jingine kutoka kwa utafiti wa Toole ni kwamba pazia likiwepo, wasikilizaji wengi hukubaliana. Hupenda spika isiyotia chumvi: isiyoongeza hapa na kupunguza pale, na ambayo sauti inayokwenda pembeni inafanana na inayokwenda mbele. Aligundua pia kwamba watu hutambua kasoro kwa urahisi zaidi wakisikiliza spika moja peke yake kuliko jozi. Na kwa kuwa mahali spika iliposimama hubadilisha sauti yake, Harman walijenga chumba chenye mashine ya kubadilisha spika mahali pale pale kwa muda wa sekunde chache.

Sisi hatuna mashine hiyo, lakini tuna leso. Tundika leso nyembamba mbele ya spika. Ukiweza kupuliza pumzi ikapita, na sauti itapita. Cheza spika moja ya kila jozi, mahali pamoja, na umwachie mtu mwingine abadilishe bila kukwambia. Andika kwenye karatasi ile uliyoipenda, A au B, rudia mara kumi. Ukichagua A mara nane au tisa, una jibu. Ikiwa tano kwa tano, chukua ya bei rahisi na umshukuru Mola.

Cha kusikilizia kiwe kitu unachokijua kwa moyo. Mimi hutumia vitu vitatu. Kwanza kisomo cha Sheikh Abdul Basit, kwa sababu sauti ya mtu mmoja huifichua spika upesi: pua ikizidi, au "sin" ikikwaruza, utajua. Pili udi wa Zein l'Abdin, nisikie kidole kikigusa uzi kabla ya noti yenyewe. Tatu sauti ya mwanamke yenye dumbak nyuma yake, nione kama ngoma inamfunika. Muulize mwenzako asiyeujua wimbo aandike maneno anayoyasikia. Spika itakayompa maneno mengi zaidi ndiyo hiyo.

Chumvi, joto na stima

Kuna mambo ambayo mhakiki wa London hayamgusi. Spika nyingi za mitumba zina mkanda wa sponji kwenye ukingo wa koni. Sponji hiyo huoza baada ya miaka kadhaa hata katika nchi baridi, na unyevu wetu huuharakisha mwisho wake. Kabla hujalipa, vua kitambaa cha mbele na uguse mkanda polepole. Ukibonyea na kubaki na alama, au ukimeguka kama keki kavu, toa gharama ya fundi kwenye bei. Mkanda wa mpira hudumu zaidi. Angalia pia sehemu za kufungia waya: shaba iliyogeuka kijani ni chumvi ya bahari imeshafika. Kata ncha ya waya, ichune upya, ifunge tena kila mwaka.

Kuhusu amplifaya, soma volti. Sisi tunatumia 240. Za Marekani ni 120, na zile za soko la ndani la Japani ni 100. Ukiichomeka moja kwa moja itaungua papo hapo. Itahitaji transfoma ya kupunguza umeme yenye uwezo wa kutosha. Na kwa sababu stima kwetu hupotea na kurudi kwa kishindo, kifaa cha kulinda umeme ni sehemu ya bajeti.

Pesa ziende wapi

Kwa mwenye laki moja na nusu, mpango wangu ni huu. Kwanza chumba: zulia, pazia, mpangilio. Halafu spika, ambazo zichukue sehemu kubwa zaidi ya pesa. Halafu amplifaya nzuri ya kawaida yenye wati za kweli zinazolingana na spika hizo. Waya uwe wa fundi wa umeme. Aliyekwisha kuwa na spika za wastani nzuri asikimbilie kubadilisha kabla ya kuzisogeza. Mara nyingi mtu hununua spika mpya kumbe zile za kwanza zilikuwa zimebanwa kwenye kona nyuma ya jokofu.

Usisahau jirani. Haki yake kwetu ni kubwa, na ukuta wetu mara nyingi ni mmoja. Spika nzuri ina faida hii: unapata maneno yote kwa sauti ya chini, huna haja ya kuipandisha ili uelewe. Na masikio ni amana. Wataalamu wa afya ya kazini wa Marekani hukadiria kuwa desibeli 85 huvumilika kwa saa nane kwa siku, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Ukifika 100, muda uliobaki ni robo saa.

La mwisho, na kwangu ndilo zito zaidi. Spika ni mlango tu. Haiwezi kutoa kisichokuwamo kwenye rekodi. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, na santuri za wakati ule hazikubeba sauti za juu sana. Twita ya laki tatu haitaongeza chochote pale ila mkwaruzo. Lakini majumbani mwetu Mombasa, Malindi na Lamu kuna kaseti za harusi za miaka ya sabini na themanini, za kina Juma Bhalo na wenzake wakiimba usiku kucha, ambazo hazijawahi kuuzwa dukani. Kuna sauti za masheikh wetu wakidarsisha, kuna bibi zetu wakitoa mashairi. Kaseti hizo zinaota ukungu ndani ya makabati sasa hivi, na kanda iliyooza hairudi.

Kwa hivyo, mwanangu unayeuliza kutoka Doha, kwenye ile laki yako toa elfu kumi au ishirini. Nunua deki ya kaseti inayofanya kazi, umpe fundi aisafishe kichwa na abadilishe mikanda ya mpira, uiunganishe na kompyuta na uhifadhi kanda za nyumbani kwenu katika faili lisilopoteza chochote cha sauti, la WAV au FLAC, nakala mbili mahali pawili. Zilizobaki nunua spika. Ukifanya kinyume chake, utakuwa na spika nzuri kuliko zote mtaani, na sauti ya bibi yako hutaisikia tena.

Wabillahi tawfiq.